Jinsi Vitabu vya Kubana Matumizi Vilivyotaka Kuvunja Posa ya Wakesho

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Naona feni imewala sauti waliokaa nyuma. Bwana asifiwe, nyinyi wa nyuma! Amina. Sasa tuko pamoja.

Mimi ndiye Mama Wakesho, yule wa mahamri pale Shella. Wengi wenu mlinijua kwa mahamri kabla hamjanijua kwa jina. Nimezaliwa Tezo, nimeolewa na Mtaita, nimeokolewa na Yesu, na leo nimesimama kueleza jinsi Bwana alivyoitoa nyumba yangu kifungoni. Mchungaji aliponiuliza ni kifungo cha nini, nikamwambia ni cha vitabu. Akashtuka. "Vya uganga?" Nikamwambia, "Hapana, mchungaji. Vya kubana matumizi." Akanitazama, akatazama saa yake, akasema, "Basi mama, usikawie."

Sitakawia. Ila mjue kwamba mume wangu Daniel, Baba Wakesho, fundi wa mabomba, yumo humu ndani na amenipa ruhusa. Aliniambia, "Sema yote, lakini nywele usizitaje." Ndugu zangu, nywele nitazitaja. Bila nywele ushuhuda huu haukamiliki.

Maisha yetu ya kwanza hayakuwa mabaya. Daniel alikuwa akitengeneza mabomba katika hoteli moja ya ufuoni. Mimi nakaanga mahamri asubuhi na viazi karai jioni. Binti yetu Wakesho anafundisha watoto wa chekechea. Hatukuwa matajiri, lakini mgeni akibisha hodi hakuna aliyejificha jikoni.

Halafu jioni moja Daniel akaja na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Nikafurahi, nikajua ni nyama. Nikatia sufuria jikoni kabisa. Anafungua, ni kitabu! Kitabu cha Kiingereza, kinene, kina picha ya mzungu anayecheka peke yake na kopo la sarafu.

"Hiki kinafundisha kuishi kwa kidogo," akaniambia.

"Umekinunua kwa pesa ngapi?"

Akakohoa. Daniel hana kikohozi, ndugu zangu. Nikaitoa sufuria jikoni.

Tungeishia hapo nisingekuwa mbele yenu leo. Lakini kitabu cha kwanza kilikuwa na ukurasa wa mwisho, na ukurasa huo ulitaja vitabu vingine. Akavifuata. Vingine alivipata kwa muuza vitabu vya mitumba karibu na soko, vingine akaagiza Mombasa vije na basi. Kila kimoja kilimwambia asinunue asichokihitaji, na kila akimaliza kimoja anahitaji kingine! Nikaona mwanamume mzima anashinda na njaa ili anunue kitabu cha kumfundisha asitumie pesa. Nikasema hii ni vita ya kiroho.

Nisikilizeni. Vile vitabu viliandikwa na watu wa nchi za baridi. Kimoja kilisema, tundika mapazia mazito madirishani, funga kila upenyo, joto la nyumba lisitoroke. Nikamwambia, "Baba Wakesho, hapa Malindi joto nani analitaka?" Akanijibu kwa upole kabisa, "Kinachozuia baridi kutoka nje kitazuia na jua. Hatutahitaji feni." Akachukua mablanketi mawili, akayatundika madirishani, na feni akaing'oa ukutani. Mwezi wa Machi! Tukawa ndani kama mikate inayookwa. Jirani yetu Bi Zuhura alipita kunijulia hali, akakaa kidogo, akaaga. Kesho yake akaniuliza kwa siri kama tumefiwa.

Kitabu kingine kilisifu siki. Siki inasafisha sakafu, siki inasafisha vyoo, siki inaondoa madoa. Anunue chupa moja ajaribu? La! Kitabu kilisema nunua kwa wingi ndipo uokoe. Akaleta dumu la lita ishirini. Tukapiga deki kwa siki, tukafua kwa siki, hata mimi mwenyewe nikawa nanuka siki. Bi Zuhura akasimama tena dirishani, nje ya blanketi, akaita, "Mwanangu, mwatengeneza achari? Mniwekee ya ndimu."

Sabuni nayo akataka kuitengeneza mwenyewe, kwa majivu na mafuta ya nazi. Haikuganda hata siku moja. Likabaki kopo kubwa la majivu pembeni mwa sebule likingojea apate ukurasa uliomponyoka.

Mkono wake ukafika hata kwenye mahamri yangu. Punguza sukari, punguza nazi, punguza unga. Nikayakata madogo kwa utii, maana mke humtii mumewe. Mteja mmoja, dereva wa tuktuk, akaliinua moja kwa vidole viwili, akaniuliza, "Mama Wakesho, hili limezaliwa kabla ya miezi yake?" Watu wakacheka. Kesho yake wakahamia kwa mama wa ng'ambo ya barabara.

Na nywele, ndugu zangu. Kitabu kilisema kinyozi ni anasa, mke anaweza kukunyoa. Nikapewa mkasi. Mimi mkasi wangu ni wa kukatia unga! Nilianza upande wa kulia, nikaona umekuwa mfupi, nikasawazisha kushoto, kushoto kukawa kufupi zaidi, nikarudi kulia. Tulipomaliza alikuwa na viraka kichwani kama shamba lililoliwa na ngedere. Akajitazama kwenye kioo, akasema, "Tumeokoa pesa." Lakini sauti haikuwa yake.

Sasa kuna jambo la chai. Hili ndilo lililotuingiza tanuruni.

Kitabu kilisema kifuko cha majani ya chai kisitupwe, kikaushwe, kitumike tena. Wazo si baya. Shida ni kwamba sisi maisha yetu yote tumetumia majani ya kawaida, ya kuchota kwa kijiko. Vifuko hatukuwa navyo. Basi Daniel akaenda akanunua katoni nzima ya vifuko, ghali kuliko majani ya mwaka mzima, ili tupate cha kukausha! Vikawa vinaning'inia uani kwenye kamba ya nguo, kwa nyuzi zao, vimekunjamana, rangi ya udongo. Chai ya kwanza nyeusi. Ya pili ya njano. Ya tatu ni maji ya moto yenye kumbukumbu.

Nikaomba. Nikafunga. Nikasema, Bwana, kama kuishi na mtu huyu ni msalaba wangu, nipe bega. Kwa maana nilikwisha amini kwamba nimeolewa na mchoyo, na uchoyo wake ulijificha miaka yote ukingoja kusoma.

Wakati tukiwa katika hali hiyo, Mungu akamletea Wakesho mchumba. Katana, kijana wa Dabaso, mfuga nyuki, ameokoka, mtaratibu. Watu wake wakatuma salamu kwamba wanakuja kuposa. Wakesho akalia kwa furaha, kisha akanishika mkono jikoni akaniambia, "Mama, nakuomba. Siku hiyo tu, vitabu vya baba vilale."

Nikamwendea Daniel. Nikamwambia, siku hiyo atachinjwa kuku, wali utapikwa kwa tui zito, na vile vifuko nisivione kwenye kamba. Akakubali. Kweli akaviondoa kwenye kamba, niliona kwa macho yangu. Sikuuliza amevipeleka wapi.

Wageni wakafika wawili. Alikuwa Mzee Charo, baba mkubwa wa Katana, mtu mpole wa kanzu nyeupe na fimbo, pamoja na Shangazi Sidi. Ndugu zangu, Shangazi Sidi ni mama wa maombi. Kule Dabaso wakiwa na mgonjwa wa mapepo humwita yeye kwanza. Ana sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto wa pili.

Tukawapokea. Wakesho akapiga goti, "Shikamoo babu, shikamoo shangazi." Wakaitika vizuri. Lakini Shangazi alipovuka kizingiti tu, akasimama. Akavuta hewa puani. Siki. Akatazama madirisha. Giza, adhuhuri! Akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu asiyetaka nguo yake iguse kitu. Akamtazama Daniel kichwani, kiraka kwa kiraka. Akatazama lile kopo la majivu. Nikaona midomo yake inaanza kuomba kimya kimya.

Chai ikaletwa. Wakanywa. Mzee Charo akaanza maneno ya heshima, kwamba wameona ua zuri katika boma hili, kwamba kwa kuwa wote tumeokoka wao hawakuja na tembo la mnazi bali kreti ya soda. Tukacheka. Mambo yakaanza kwenda. Nikashusha pumzi.

Shangazi akajipepea na leso. "Wakwe zangu, mtanisamehe, nipate hewa kidogo." Akainuka, akalishika blanketi la dirisha, akalivuta.

Na hapo, kwenye kamba nyembamba kutoka msumari hadi msumari, vilikuwa vinaning'inia vifuko vya Daniel. Safu nzima! Vidogo, vya kahawia, vikavu, kila kimoja na uzi wake. Vinapepea.

"Kwa jina la Yesu!" Shangazi akaruka nyuma. "Hirizi! Charo, inuka! Tumeletwa kwa mganga!"

Mzee Charo hakuinuka, ila aliinua miguu yake yote miwili kutoka sakafuni na kuikumbatia.

"Shangazi, si hivyo," Daniel akasema.

"Nyamaza! Nasema na aliyemo ndani yako!" Akamnyoshea mkono. "Wewe mwenye giza! Wewe mwenye majivu! Wewe unayenyoa watu vichwa nusu nusu! Toka!"

Daniel ni mtu wa adabu. Akaanza kuelekea mlangoni.

"Si wewe! Yeye! Wewe baki, yeye atoke!" Daniel akasimama katikati ya sebule, hajui atoke au abaki. "Mama, lete kiberiti. Tunavichoma sasa hivi. Na hapa hatuposi. Katana atatafutiwa kwingine."

Ndugu zangu, mimi nilikuwa nimesimama na sinia mikononi. Nikisema si hirizi, nitaulizwa ni nini. Nikisema ni nini, tutakuwa watu wanaowakaushia wageni majani ya chai dirishani. Niliona aibu mbili zimekaa mezani na mimi nichague ya kumwandalia mgeni. Wakati huo huo Wakesho akatokea jikoni. Alimtazama baba yake tu, machozi yanateremka mpaka kidevuni.

Daniel akamwona.

"Msivichome," akasema. "Ni majani ya chai."

"Majani ya chai ya nini?"

"Ya kunywa, shangazi. Tunakausha ili tutumie tena."

Polepole, Mzee Charo akashusha miguu. Akachukua kikombe chake, akachungulia ndani.

"Mkwe," akasema kwa upole, "hii tuliyokunywa ni ya mara ya ngapi?"

Mume wangu ameokoka, hawezi kusema uongo. Akajibu, "Ya pili, mzee. Nyinyi ni wageni. Sisi wenyewe hunywa ya tatu."

Nilitamani sakafu inimeze pamoja na siki yake.

Shangazi akamkazia macho. Sauti yake ikashuka. Ikawa sauti ya mama. "Baba, kwa nini? Mtu mwenye kazi hotelini?"

Na hapo ndipo Bwana alipoingia ndani ya nyumba ile. Daniel akakaa kitini. Akaviweka viganja vyake juu ya magoti, mikono ile mikubwa ya fundi, akaitazama. Akasema, "Kazi sina. Hoteli ilipata wasimamizi wapya. Mafundi wa zamani tuliambiwa tukangoje nyumbani, tutaitwa. Sijaitwa. Natoka kila asubuhi na mfuko wa vifaa nikizunguka kutafuta bomba linalovuja. Nyumbani sikusema."

Nikamuuliza, "Tangu lini, Daniel?" Nilimwita jina lake mbele ya wakwe, sikujijua.

"Tangu kitabu cha kwanza. Nilikuwa natoka kuambiwa, nikapita kwa muuza vitabu, nikakiona. Nikafikiri humo ndani kuna neno litakalofanya nisiogope. Halikuwamo, nikadhani limo katika kinachofuata."

Ndugu zangu! Miezi yote ile nilikuwa nikimsema kwa Mungu. Namwita mchoyo katika maombi yangu! Kumbe mwanamume alikuwa analala ubavuni kwangu na hofu yake peke yake, na mimi nafikiri vita yangu ni vifuko. Nikaweka sinia chini. Nikaenda nikakaa karibu naye, nikamshika ule mkono. Hata hasira niliyokuwa nimeiweka akiba niliitafuta nikaikosa.

Wakesho naye akaja akapiga magoti mbele ya baba yake. "Baba, ungeniambia mimi."

"Wewe ulikuwa unaolewa," akamjibu. "Nilitaka uolewe kutoka nyumba yenye kazi."

Shangazi Sidi akafuta uso kwa leso. Kisha akatazama dirisha, akatazama kikombe chake, akamtazama Daniel kichwani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani ni roho. Kilikuwa kicheko! Kilianza chini kikapanda, na kilipotoka kilitoka na sauti ileile ya kukemea. Mzee Charo akafuata, akacheka mpaka fimbo ikamwanguka. "Nimeinua miguu!" anasema. "Mzee mzima nimekimbia chai!" Tukacheka sote, Wakesho akicheka na kulia, Daniel akicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya lile gazeti.

Kisha Shangazi akasema, "Sasa tuombe, maana kuna kitu kweli kilikuwa humu." Akatuwekea mikono mimi na Daniel. Safari hii hakupiga kelele. Aliomba kama mtu anayefunika mtoto shuka. Akaikemea hofu, akaitaja kwa jina lake, na ninawaambia nilisikia mume wangu akishusha pumzi ambayo aliibana miezi mingi. Hicho ndicho kilichotoka siku ile! Haleluya!

Baada ya amina Mzee Charo akajikohoza. "Basi, kuhusu mahari. Watu wa kubana namna hii mtatupangia vipi?"

Daniel akasema, "Mzee, cha mahari sijasoma." Tukaanza kucheka upya.

Wakala kuku wote, hawakuacha hata shingo. Na wakati wa kuaga, Shangazi akamwambia Daniel, "Nina vyumba vya kupangisha kule Dabaso, na tangi linavuja mpaka wapangaji wanafugia bata. Kesho kutwa uje na mfuko wako. Utalipwa, si mambo ya ukwe." Akaenda. Akalitengeneza. Mwenye nyumba za jirani akaona, akamwita. Kutoka hapo akaitwa Watamu, akaitwa Gede, na sasa simu yake ikilia wakati wa ibada mjue ni choo cha mtu. Hotelini hajaitwa mpaka leo. Wala hangoji tena. Wakesho aliolewa, nyinyi wenyewe mlikuja, mlikula.

Sasa najua kuna mtu hapa amekaa na swali moja: Je, Mama Wakesho, vitabu hivyo vinafaa kununuliwa? Nitasema ukweli mbele za Bwana. Wakesho alinisomea vyote kabla hajaolewa, maana nilitaka kumjua adui yangu. Vingi ni kitabu kimoja kilichobadilishwa nguo. Kile cha kwanza, ukurasa wa kwanza kabisa kinasema: kabla ya kununua kitu, jiulize kama unakihitaji. Daniel angeusoma ukurasa huo akiwa amesimama pale kwa muuza vitabu, angekifunga, akakirudisha, akaja nyumbani na nyama.

Lakini sitavionea. Kimoja kilitufundisha kuivisha maharagwe kwa kuyachemsha kidogo, kisha kuifungia sufuria ndani ya kapu lililojazwa matambara, yanaiva yenyewe. Hiyo ni kweli, mpaka leo naokoa makaa. Hicho tumekibakisha, na anayekitaka aje aazime. Sijasema anunue! Vingine tulivirudisha kwa muuza vitabu. Alitupa pesa ya karanga. Kabla hatujafika kona alikuwa ameshamshikisha kimoja bwana mwingine mwenye uso wa mawazo. Daniel akataka kurudi akamwonye. Nikamwambia, rudi, lakini usimwambie habari za kitabu. Muulize amelalaje, muulize na kazi. Alirudi. Walikaa pale kwenye kiti cha muuza vitabu muda mrefu, na yule bwana leo anafanya naye kazi ya mabomba.

Siki? Bi Zuhura alinifundisha achari ya embe na ya ndimu. Lita zote zilizobaki zilikwisha, na mahamri yakarudi ukubwa wake aliotaka Mungu. Yule dereva wa tuktuk amerudi pia.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyemleta mama wa maombi akatukemea kwa kosa ambalo hatukulifanya, ili lile tulilolificha lionekane. Nawashukuru wakwe zangu wa Dabaso. Namshukuru mume wangu, ambaye alisema ukweli mahali ambapo uongo ungekuwa rahisi zaidi.

Na wewe uliyekaa hapo, umevaa shati la kazi ambayo haipo tena, na nyumbani hawajui. Bwana anakujua. Usiipeleke hofu yako dukani, itakuuzia kila kitu. Ipeleke kwake, kisha ipeleke nyumbani, leo, kabla chakula hakijapakuliwa. Mkeo ana nguvu kuliko unavyodhani. Na kama miguu haina nguvu ya kuingia mwenyewe, yuko mtu hapa atakayekusindikiza mpaka mlangoni na kukungojea nje.

Baba Wakesho, simama wakuone.

Huyo, ndugu zangu. Mtafuteni tukitoka.